Jani, Asali na Kidonda Kidogo: Somo kwa Watu wa Mbulu na Hanang

Katika nchi ya Mbulu na Hanang hapana mtu apitishaye mwaka mzima bila kuumia. Mkulima wa mlimani hujikata kwa jembe au kwa mundu. Mchungaji wa bondeni hudungwa na mwiba uliopenya katambuga. Mama hupasua kuni na kipande kikamruka mkononi. Mtoto hujikwaa akaangukia mafiga. Mengi katika majeraha hayo ni madogo, na zahanati yaweza kuwa mbali, tena wakati wa masika mito hufunga njia. Basi watu hutafuta dawa iliyo karibu, nayo ni ile waliyoonyeshwa na bibi zao. Leo twataka kuitazama dawa hiyo kwa makini, si kwa kuidharau wala kwa kuisifu bure, ili tujue katika mambo ya kale ni lipi la kushika na lipi la kuacha kabisa.

Wako watu wa namna mbili ambao hatukubaliani nao. Wa kwanza ni yule aliyesoma kidogo, naye asema kwamba majani yote ni ujinga. Huyo hajui ya kuwa Serikali ya Tanzania ilianzisha kazi ya kuchunguza miti ya dawa huko Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 1974, na ya kuwa mwaka 2002 ilitungwa sheria inayowatambua waganga wa tiba ya asili na kuwataka wajiandikishe. Kama majani yote yangekuwa ujinga, kazi hiyo yote ingekuwa ya nini? Wa pili ni yule asemaye kwamba dawa ya mizizi haiwezi kudhuru, kwa kuwa yatoka katika ardhi yetu wenyewe. Huyo naye amesahau kuwa sumu ya mishale ya Wahadzabe yatoka katika ardhi hiyo hiyo. Hata qwaslarmo, yaani mganga wa Wairaqw, hakuwa mtu wa kuchuma jani lolote alionalo njiani. Alijua huu ni mti wa nini na ule ni wa nini, na elimu yake aliirithi kwa wazee wake.

Kabla ya kusema habari za jani lolote, sharti tuseme habari za maji, maana hapa ndipo watu wengi wakosapo. Jani jema likitiwa juu ya uchafu hufunika uchafu, wala haliuondoi. Mtu akijikata, kwanza akandamize mahali panapotoka damu kwa kitambaa safi, akandamize kwa nguvu muda wa dakika kumi pasipo kufunua kutazama, na kama ni mkono au mguu auinue juu. Kila afunuapo kutazama, damu iliyoanza kuganda huchanwa upya. Damu ikikoma, jeraha lioshwe kwa maji mengi. Maji ya kunywa yaliyo safi yatosha. Kama ni maji ya mto au ya lambo yachemshwe kwanza, yakaachwa yapoe katika chombo kilichofunikwa. Yamiminwe juu ya jeraha kama maji yatokayo katika bomba, si kuchovya mguu katika beseni, kwa sababu katika beseni uchafu uliotoka hurudi. Mchanga na vipande vya majani vitolewe. Ngozi ya kando ioshwe kwa sabuni. Naye aoshaye aanze kwa kuosha mikono yake mwenyewe, jambo ambalo wengi hulisahau.

Baada ya hayo ndipo jani lina nafasi yake.

Mmea ujulikanao sana ni mshubiri wa mwitu, uotao penye mawe na ukame, wenye majani manene yaliyojaa ute na miiba midogo ukingoni. Katika Afrika ya Mashariki iko namna nyingi za mishubiri, wala si zote sawa na ule uuzwao madukani ndani ya chupa za mafuta ya ngozi. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba ndani ya jani moja mna vitu viwili mbalimbali. Chini kidogo ya ngozi ya jani mna utomvu wa manjano, mchungu mno. Ndio huo ulioipa lugha yetu usemi wa kwamba kitu ni kichungu kama shubiri. Katikati ya jani mna ute mweupe usio na rangi hasa, mwororo na wa baridi. Utomvu wa manjano hukera ngozi iliyochubuka, na mtu akiunywa huendesha tumbo kwa nguvu, kwa hiyo mwanamke mwenye mimba asinyweshwe kamwe, wala mtoto. Ute wa katikati ndio upakwao. Wengi hukata jani na kulisugua papo hapo juu ya kidonda, vyote viwili pamoja, kisha husema dawa yachoma, nayo lazima ichome ndipo iponye. Kuchoma huko si kazi ya dawa, ni kazi ya utomvu.

Basi jani lichumwe zima, lioshwe, likatwe upande wa shina, kisha lisimamishwe lielekee chini kwa robo saa au zaidi mpaka utomvu wa manjano uchuruzike wote. Ndipo ngozi yake imenywe kwa kisu kilichooshwa, ute utolewe, na upakwe mara moja juu ya mchubuko au juu ya mahali palipoungua kidogo. Ute uliobaki utupwe. Usiwekwe hata kesho, kwa kuwa huoza upesi. Wataalamu wa nchi mbalimbali wameupima ute wa mshubiri uliolimwa kwa ajili ya dawa, na baadhi yao wameona kwamba mahali palipoungua kidogo hupona mapema zaidi ukipakwa. Kwa majeraha ya kukatwa ushahidi si wa nguvu hivyo. Twalisema hili wazi, maana si haki kumwambia mtu kwamba jani lafanya yote.

Walimu waweza kulifanya jambo hili somo la darasani. Jani moja likatwe mbele ya watoto na kusimamishwa katika kikombe, nao waone kwa macho yao utomvu wa manjano ukishuka, kisha waulizwe ni kitu gani kilichobaki ndani. Mtoto aliyeona hivyo mara moja atamwonyesha na mama yake. Tena wafundishwe kutofautisha mshubiri na mimea yenye maziwa meupe. Mmea wo wote ukivunjwa ukatoa maziwa meupe, huo si mshubiri, na maziwa hayo yakiingia jichoni yaweza kumletea mtu upofu.

Dawa ya pili ni asali, na hii twaisifu zaidi. Watu wa kale wa Misri waliitumia juu ya vidonda miaka zaidi ya elfu tatu iliyopita, na hata leo hospitali za nchi nyingi hutumia asali iliyotayarishwa maalumu. Sababu zake zajulikana. Asali ina sukari nyingi na maji machache, kwa hiyo huvuta maji kutoka katika vijidudu na kuvikausha. Tena ina uchachu. Tena ikikutana na maji ya kidonda hutoa, kidogo kidogo, dawa ile ile iuayo vijidudu ambayo wauza dawa huiuza katika chupa. Katika wilaya hizi asali si kitu cha kutafuta mbali. Wahadzabe wa Yaeda Chini huifuata mitini wakiongozwa na ndege, na Wabarbaig na Wairaqw hutundika mizinga. Lakini asali ya kidonda isichemshwe, kwa kuwa moto huua nguvu ile tuliyoitaja. Ichujwe kwa kitambaa safi, ihifadhiwe katika chupa yenye kifuniko, na isiwe ile iliyochanganywa na sukari guru na mwuzaji mjanja. Ipakwe kidogo juu ya kitambaa safi, nacho kifungwe juu ya kidonda kilichooshwa, kibadilishwe kila siku. Asali ya porini yaweza kuwa na mbegu za vijidudu ndani yake, kwa hiyo isimiminwe katika tundu refu la mwiba au la msumari, na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe hata tone.

Iko na dawa ya tatu, ambayo ni maganda ya migunga na miti mingine ya jamii hiyo, yaliyochemshwa mpaka maji yakawa mekundu. Wazee wajua kwamba maganda haya hugeuza ngozi mbichi ya ng'ombe ikawa ngozi ya kudumu. Nguvu hiyo hiyo ndiyo hukaza mwili wa mtu na kuzuia damu ndogo ndogo. Maji yake yaliyopoa yaweza kuoshea mchubuko, wala hatuoni ubaya. Ubaya huja pale mtu anapoyachemsha yakawa mazito na kuyapaka juu ya kidonda kikubwa cha moto mpaka pakafanyika gamba gumu. Chini ya gamba hilo usaha hukaa usipate njia.

Wala asidhani mtu kwamba ni wazee wa Mbulu peke yao waliovutwa na jambo hili. Mwaka 1925 daktari mmoja wa Detroit, Marekani, jina lake Davidson, alieneza habari ya kutibu watu walioungua kwa dawa iliyotolewa katika maganda ya namna hiyo, na kwa muda wa miaka kama kumi na mitano hospitali za Marekani na Uingereza ziliitumia kila mahali. Kisha, wakati wa Vita Kuu ya Pili, madaktari waligundua kwamba dawa hiyo ikiingia mwilini kwa wingi hudhuru ini, wakaiacha. Wenye elimu nao walishika dawa isiyofaa. Walichofanya ni kupima, na walipoona madhara hawakuona haya kuiacha.

Sasa twaja kwenye jambo kubwa kuliko yote, nalo ni mavi ya ng'ombe. Katika nyumba nyingi za wafugaji, si za Mbulu na Hanang tu bali za Afrika nzima, mtu akikatwa huwekewa mavi mabichi ya ng'ombe, au udongo wa sakafu, au majivu yaliyokorogwa na udongo, ili damu ikome. Wengine walikuwa wakipaka hata kitovu cha mtoto mchanga. Twaelewa chanzo chake. Ng'ombe ni mali, ni maziwa, ni mahari. Katika nyumba za kale za Wairaqw, zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, watu na mifugo walilala chini ya dari moja. Na sifa ya Wairaqw tangu zamani ni kwamba waliitia ardhi yao samadi, hivi kwamba mashamba ya mlimani yaliendelea kuwalisha watu wengi katika mahali padogo. Kitu kinachofufua shamba, watu watakionaje kuwa kibaya?

Lakini ndani ya mavi na ndani ya udongo uliotiwa samadi mna mbegu za kijidudu cha pepopunda. Mwaka 1884 mtu aitwaye Nicolaier, huko Ujerumani, alichukua udongo tu akautia chini ya ngozi ya wanyama, nao wakashikwa na pepopunda wakafa. Miaka mitano baadaye Kitasato, daktari wa Kijapani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliweza kukitenga kijidudu chenyewe. Mbegu zake zaweza kukaa katika udongo miaka mingi. Jua haliziui, na maji yanayochemka kwa dakika chache hayazimalizi. Hazipendi hewa. Kwa hiyo zikitiwa katika tundu jembamba na refu, kama la mwiba, kisha tundu hilo likazibwa juu, huamka na kutoa sumu.

Mfano mkubwa ulionekana mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Askari walipigana katika mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa ya Kaskazini, ambayo wakulima wake walikuwa wameyatia samadi kwa karne nyingi. Katika miezi ya kwanza, kati ya kila askari 1,000 wa Kiingereza waliojeruhiwa, karibu 8 au 9 walishikwa na pepopunda. Madaktari wakaanza kumchoma kila majeruhi sindano ya kuzuia sumu hiyo, na kabla ya mwaka kwisha hesabu ilikuwa imeshuka chini ya 2. Ardhi njema ya mkulima ilikuwa ardhi mbaya kwa kidonda, nayo ni vivyo hivyo Kainam na Dongobesh, Bassotu na Endasak.

Ugonjwa huu haujitokezi siku ile ile, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Huja baada ya siku tatu hata ishirini na moja, mara nyingi baada ya juma moja au kupita kidogo, wakati kidonda chenyewe labda kimekwisha funga na watu wamekwisha kukisahau. Mgonjwa huona taya zake zimekaza hata hawezi kufungua kinywa vizuri. Shingo hukakamaa, tumbo huwa gumu kama ubao, kisha mwili hupindika kwa mishtuko, na sauti ndogo tu, kama ya mlango kufungwa, yatosha kuiamsha. Akili zake hubaki timamu muda wote. Jamaa huona mambo hayo wakasema amerogwa au ana pepo, na jina lenyewe la pepopunda latokana na dhana hiyo. Asipopelekwa hospitali mapema, walio wengi hufa. Na hata hospitalini si wote waponao. Tena aliyepona hapati kinga, aweza kuugua mara ya pili asipochanjwa.

Hapa iko furaha, nayo ni chanjo. Tanzania ilianza mpango wake wa chanjo kwa watoto mwaka 1975. Mtoto mchanga huchanjwa akiwa na majuma 6, 10 na 14, na ndani ya sindano hiyo mna kinga ya pepopunda pamoja na magonjwa mengine. Wanawake wenye mimba nao huchanjwa, na kinga yao humfikia mtoto tumboni. Kwa njia hii, pamoja na kujifungua mahali safi, pepopunda ya watoto wachanga ilipungua hata mwaka 2012 nchi yetu ikahesabiwa miongoni mwa zile zilizoshinda ugonjwa huo kwa watoto wachanga na wazazi wao.

Lakini hebu tazameni nani amebaki nje. Mwanamume mtu mzima hana siku ya kliniki. Yule aliyezaliwa kabla ya mpango huo huenda hakuchomwa hata mara moja. Na yule aliyechomwa utotoni, kinga yake hupungua kadiri miaka ipitavyo. Naye ndiye ashikaye shoka na jembe, naye ndiye achungaye kwa katambuga. Ndiyo maana twawasihi wazee, wenyeviti wa vijiji na watendaji walitaje jambo hili katika mikutano: mwanamume akienda zahanati kwa sababu yo yote, aulize habari ya chanjo ya pepopunda. Zaidi sana wakati wa jando. Wavulana wa nchi hii hutahiriwa kwa desturi, na si neno letu kuivunja desturi ya mtu. Lakini kisu kimoja kisipite kwa wavulana wawili, kidonda kisitiwe udongo wala mavi wala jani lisilooshwa, na kila mvulana awe amechanjwa mapema kabla ya siku yake. Sindano haimwondolei mtu uanaume wake.

Imebaki kusema ni kidonda kipi kisichokuwa cha jani. Kidonda kirefu hata kingo zake zaachana. Kinachotoa damu baada ya kukandamizwa kwa dakika kumi. Kilichoingia mwiba au msumari mpaka ndani. Kilicho karibu na jicho au penye kiungo. Kilichovimba, chenye joto na harufu, au chenye mistari myekundu inayopanda juu: vyote hivyo ni vya zahanati, na vikiwa vikubwa ni vya hospitali, kama ile ya Kilutheri ya Haydom ambayo imetibu watu wa upande huo tangu mwaka 1955, au ile ya wilaya iliyoko Katesh. Mtu aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni muda wa robo saa nzima, kisha aende siku ile ile apate chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama alama ya meno ni ndogo. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe wala asifungwe kamba ya kukaza; atulizwe, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitali. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yatiririkayo kwa dakika ishirini kabla ya kitu kingine cho chote, pasipo samli, unga wala dawa ya meno. Na malengelenge yasitumbuliwe. Kama mahali palipoungua ni papana kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au ni usoni, mikononi au sehemu za siri, au mgonjwa ni mtoto mdogo, mshubiri uachwe.

Watu wa Hanang hawahitaji kuambiwa sana tofauti hiyo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlimani vikapiga mji wa Katesh na vijiji vya kandokando; watu zaidi ya 80 walikufa, na wengine zaidi ya 100 walijeruhiwa. Jeraha lililopigwa na gogo na kujazwa tope huonekana dogo likishaoshwa juu juu, na ndani lina udongo. La namna hiyo litakiwalo ni mkono wa tabibu na sindano ya pepopunda, hata akiwa majeruhi aweza kutembea kwa miguu yake.

Neno moja juu ya mishubiri yenyewe. Watu wang'oao mmea mzima kwa ajili ya jani moja wanaumaliza, na mapatano ya mataifa yanakataza kuivusha mishubiri ya mwitu nje ya nchi kuiuza pasipo kibali. Chipukizi litokalo ubavuni mwa mmea hushika upesi likipandwa penye mchanga na mawe, wala halitaki maji mengi. Shule ikipanda machache kando ya uzio, yatatosha kijiji.

Na mtu afikapo zahanati baada ya kujitibu nyumbani, asimfiche mwuguzi. Aseme ni jani gani lililotiwa, lini, na kama kulikuwa na mavi au udongo. Alete hata na kipande cha jani lenyewe. Wauguzi nao yawapasa kumsikiliza pasipo kumcheka, maana akichekwa leo, safari nyingine atafika siku ya kumi, taya zimekwisha kaza.